Nilimlipa wakili asome mkataba wangu wa usambazaji, akaishia ukurasa wa tano

Naandika nikiwa bado na hasira, na sioni kwa nini niifiche. Miaka minne hivi iliyopita nilimpelekea wakili mkataba wa kurasa kumi na moja niliotumiwa na msambazaji wa muziki. Wakati huo nilikuwa na nyimbo nne tu. Msambazaji angezipeleka Spotify, Apple Music, YouTube na kwingineko, achukue asilimia 20 ya mapato, mimi nibaki na 80. Kazi niliyompa wakili ilikuwa moja: asome neno kwa neno, aniambie ni wapi nitaumia. Ada alitaka yote kabla. Nikalipa yote.

Siku mbili baadaye akanirudishia makaratasi. "Mkataba wa kawaida huu, mdogo wangu. Saini." Nikasaini.

Kilichoniumiza kiko ukurasa wa saba, kifungu cha tisa. Sasa nakijua kwa moyo kama ubeti wa wimbo wangu mwenyewe: muda wa mkataba ni miaka mitatu "kuanzia tarehe ambayo Msanii atakabidhi rekodi ya mwisho." Ukikisoma harakaharaka unaona miaka mitatu tu, unageuza karatasi. Maana yake ni kwamba kila nilipotoa wimbo mpya, hesabu ilirudi kwenye sifuri. Na kifungu kinachofuata kinanikataza kupeleka rekodi yoyote kwa msambazaji mwingine muda huo wote. Yaani nikitoa wimbo, najifunga miaka mitatu mingine. Nisipotoa, msanii gani anakaa miaka mitatu kimya? Mimi nilikuwa natoa kila baada ya miezi mitatu minne, nikijipongeza kwa bidii. Nilipofikisha nyimbo kumi na tatu nikawaandikia kwamba miaka mitatu imekwisha, nahama. Wakanijibu kwa mistari miwili: mkataba wangu ulikuwa umebakiza miaka miwili na miezi kumi.

Nilidhani wamekosea. Nikachukua mkataba, nikarudi kwa wakili.

Hapo ndipo moyo wangu ulipochafuka, na hadi leo haujatulia. Nilimwekea mkataba mezani, kidole changu juu ya kifungu cha tisa. Hakuangalia karatasi, aliniangalia mimi. Akasema, "Lakini mdogo wangu, wewe si uliusaini mwenyewe?" Kisha akaendelea kuandika ujumbe kwenye simu yake. Nilisimama pale nikiwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili, nimekosa neno. Mtu niliyemlipa awe macho yangu ananiuliza kwa nini sikuona.

Nyumbani nikakagua nakala yake, ile aliyoandika kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza amerekebisha jina langu, lilikuwa limekosewa herufi. Ukurasa wa tano amekata mstari mzima. Kuanzia wa sita hadi wa kumi na moja hakuna hata nukta. Karatasi safi, kona hazijakunjwa.

Sasa niwe mkweli, maana nisiposema hili nitakuwa namwonea. Ule mstari alioukata ukurasa wa tano ulikuwa mkubwa. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake: kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi yenyewe, tunayoiita masta. Msambazaji kazi yake ni masta. Mstari ule ulikuwa unampa pia mirabaha ya utunzi, yaani malipo yanayotokana na maneno na melodi, bila kikomo cha muda. Wakili akaukata, msambazaji akakubali, na nyimbo zangu zote kumi na tatu utunzi wake ni wangu mpaka leo. Bila yule bwana ningekuwa nimepoteza kitu ambacho hata sikujua kwamba ninacho. Kwa hilo nilikuwa tayari kusema alifanya nusu ya kazi, na nusu si haba.

Lakini kadiri ninavyoufikiria ule mstari ndivyo ninavyozidi kukasirika. Kumbe anajua! Mtu wa kuuona mstari ule si mbumbumbu wa mikataba ya muziki. Kilichobaki kilikuwa kurasa mbili tu mbele yake. Angekuwa hajui ningemsamehe, ningesema nilichagua vibaya. Huyu alijua, akachoka, akafunga faili na ada yangu ikiwa mfukoni. Nusu gani hiyo? Fundi akikujengea paa nusu, mvua hainyeshi nusu.

Na nimekumbuka jambo jingine. Siku ile ya kwanza aliniambia nyimbo si zangu kisheria mpaka nizisajili, na kwamba kwa ada ya ziada angenisajilia. Nikalipa na hiyo. Baadaye nikaambiwa kwamba katika nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hakimiliki ya utunzi haingoji usajili, na kanuni hiyo iko ndani ya mkataba huo tangu marekebisho ya 1908. Usajili unaweza kukusaidia kwenye ushahidi, sawa. Lakini "si zako mpaka usajili" ni maneno ya kumtisha mtu ili atoe hela.

Nilifika mahali pa kuapa kwamba sitakanyaga tena ofisi ya wakili, na wasanii wenzangu niliwaambia hivyohivyo. Nayarudisha maneno hayo. Rafiki alinisukuma kwa wakili mwingine, dada mmoja mpole wa sauti, na huyo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza alinihoji karibu saa nzima. Nani alilipia studio? Prodyuza alisaini chochote? Kuna sauti yoyote tuliyoichukua kwenye wimbo wa mtu? Nani aliandika ubeti wa pili? Nilitoka jasho. Kisha akasoma mbele yangu, kwa sauti, rula ikishuka mstari baada ya mstari.

Kifungu cha tisa hakumung'unya maneno: "Dada, hiki kinakubana kweli." Akaendelea kusoma. Ukurasa wa kumi akasimamisha rula. Msambazaji alitakiwa kunitumia taarifa ya mapato ndani ya siku 45 baada ya kila robo ya mwaka, na akivunja sharti lolote, akaandikiwa, akakaa siku 30 bila kurekebisha, naruhusiwa kuvunja mkataba. Akaniuliza, "Taarifa zote umepata?" Nikafungua barua pepe. Robo mbili hazipo. Nilikuwa nimeona pengo hilo siku nyingi, nikadhani ni kuchelewa tu.

Barua aliyoandika ilikuwa ukurasa mmoja. Siku 30 zikapita kimya. Akaandika ya pili, na wakaniachia. Kwenye kuhama pia alinishika mkono: kila rekodi ina namba yake ya utambulisho ya kimataifa, ISRC, yenye herufi na tarakimu jumla 12, na namba hiyo ni ya rekodi, haibadiliki hata masta ikiuzwa. Akaniambia nidai orodha ya namba zote kwa maandishi, nipakie kwanza kwa msambazaji mpya kwa namba zilezile, jina lilelile na faili lilelile la sauti, ndipo nitoe kule kwa zamani. Ukiacha namba ya zamani, wimbo unaweza kuonekana mpya, na hesabu ya wasikilizaji wako ikaanza upya. Nilikaa nikikagua tarakimu moja moja kwa kidole, nyimbo kumi na tatu, usiku kucha. Asubuhi nilipoona wimbo wangu wa kwanza umetua upande wa pili na wasikilizaji wake wote, nililia.

Kwa dada huyu nitampeleka kila ninayempenda. Kwa yule wa kwanza nilianza nikiwa na nia ya kumpa nyota mbili kwa sababu ya ukurasa wa tano. Nimeandika mpaka hapa, ninampa moja. Barua ya kudai ada yangu nimeipeleka mwenyewe kwa mkono, karani wake akaigonga muhuri na kunipa nakala. Wiki ya tatu hii, hajanijibu.