Mtego wa taa wa usubi: kabla hujauliza rangi, kagua kifuko

Wadau wa Mtwara na Lindi mmenichosha na swali moja, eti mtego wa taa ya rangi gani ndo unashika usubi, vile viinzi vidogo vinavyouma. Mfugaji mmoja wa Mingoyo kanunua wa bei mbaya, kautundika pembeni ya zizi la mbuzi, asubuhi kakuta nondo, mbu, mbawakawa, usubi hakuna, na usiku kucha kajikuna. Taa yake haina shida jamani, shida kifuko, kile cha kukusanyia wadudu.

Usubi ni milimita 1 mpaka 3 tu, neti ya mbu ya kawaida unaipenya, feni ya mtego inauvuta vizuri, unaingia huku unatokea kule. Dai kifuko chenye matundu chini ya nusu milimita, au chini funga chupa ya maji yenye tone la sabuni. Muuzaji akishindwa kukwambia matundu yana ukubwa gani ondoka, maana wengi wanasifia taa tu, kifuko kizuri wanakuuzia pembeni, halafu nauli ya mzigo kutoka Dar wanakupiga utadhani tunaishi Comoro.

Haya. Namba moja kwangu mtego wa CDC (muundo wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa), wa kampuni ya John W. Hock, wenye taa ya UV, yaani mwanga wa urujuani usioonekana kwa macho, na sifichi, naupendelea. Ndogo, inatumia betri, unaitundika popote, na UV inavuta aina nyingi za usubi, nyekundu sahau. Kuna ya balbu ya kawaida pia, ile ni volti 6, usije ukaiunga kwenye betri ya bodaboda ya volti 12 ukaja kunilaumu.

Mbili, Onderstepoort ya Sauzi, tyubu ya UV ya wati 8, kwa kuzoa hii kiboko, watafiti wa virusi vya ulimi wa bluu, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na usubi, wanaitumia sana. Ila mara nyingi inataka umeme wa ukutani, na sisi wenye gesi ya Mnazi Bay umeme unakatika magharibi, usubi ndo kwanza unatoka, mtego unabaki pambo.

Tatu, LED ya kijani. Kule Australia iliishinda balbu ya kawaida kwa usubi wao mmoja, Culicoides brevitarsis, wa mikoko ya Mikindani ni habari nyingine. Ukitaka kulinganisha rangi, mitego ikae mbalimbali na kila usiku ibadilishane sehemu, la sivyo unapima mti sio taa. Mbalamwezi ikiwaka usitegemee kitu.

Vile vitaa vya kuchomeka ukutani vinachoma nondo. Pita.