Siku moja Kigoma na Ujiji kwa bajaji: nilichopata kwa elfu sitini yangu

Nilitoka Tabora na treni, nikashuka Kigoma nikiwa na siku moja tu ya kuzurura kabla ya shughuli ya familia. Jirani aliniunganisha na kijana anayetembeza wageni kwa bajaji. Tukakubaliana elfu sitini, saa mbili asubuhi mpaka jioni, mafuta juu yake, chakula juu yangu. Saa mbili ikawa saa tatu na nusu. "Dada samahani, bajaji ilikuwa kwa fundi." Haya.

Alianza palepale stesheni, na hapo alinikosha. Jengo ni la Wajerumani. Reli ilifika Kigoma Februari 1914, zaidi ya kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na miezi sita baadaye Vita ya Kwanza ya Dunia ikaanza. Mimi nimekua nikisikia "Kigoma mwisho wa reli" kama utani, sikuwahi kujiuliza kwa nini mwisho uwe hapa na si Ujiji, mji uliokuwa mkubwa na maarufu zaidi. Kijana akanionyesha ziwa kwa kidole: ghuba ina kina, vilima vimeikumbatia, meli inatulia. Ujiji ni ufukwe wa wazi, maji mafupi, upepo ukija unakukuta ulivyo. Basi Wajerumani wakaweka bandari huku, na ukubwa wa Ujiji ukahama nayo.

Bandarini hatukuingia, tukasimama nje ya geti akanisimulia meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikapanda treni mpaka huku, ikaungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza wakapaka injini grisi nzito zisile kutu. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba.

"Kwa hiyo walijua watarudi?" nikamuuliza.

"Walidhani, dada."

Kwenye nyumba ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani wa enzi hizo, alinikwaza kidogo. Alisema Kaiser alijengewa aje kuwinda, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Hiyo ni hadithi ya mjini tu. Kaiser Wilhelm hakuwahi kukanyaga huku. Mgeni asiyejua ataondoka nayo kama ilivyo.

Ujiji ndiko nilikovunjika moyo, halafu nikafurahi, kwa mpangilio huo. Makumbusho yana sanamu za Livingstone na Stanley wakivuliana kofia, na miembe inayosemekana ni vizazi vya ule waliokutania chini yake mwaka 1871. Mwongozaji wangu akamaliza hapo. Wapelelezi Burton na Speke waliofika Februari 1858 akawapa sentensi moja. Pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, waliotoka ng'ambo ya ziwa wakapitishwa hapa kwenda Tabora na Bagamoyo, sentensi moja pia. Mimi nimetoka Tabora, mwanangu! Nusu ya habari hiyo ni ya kwetu.

Kilichoniokoa ni swali la kijinga: kama walikutana ziwani, mbona ziwa halionekani? Kijana akacheka, akanishusha mpaka mwaloni, ufukweni boti zinapotua, kwa mzee mmoja fundi wa boti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta maji? Bibi yangu alisema yalikuwa yanapiga kule kwenye miembe."

Na si maneno ya bibi tu. Ziwa Tanganyika hutoa maji kwa mto mmoja, Lukuga, upande wa Kongo. Ulikuwa umeziba kwa tope na majani, ziwa likajaa mpaka karibu 1878, ulipozibuka lenyewe likashuka mita kama 10 katika miaka iliyofuata. Ujiji ukabaki juu. Mzee akaongeza kwamba siku hizi linapanda tena, linafuata watu majumbani. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, anasema, halina haraka na mtu.

Dakika ishirini za mzee zilikuwa tamu kuliko makumbusho yote, na hakudai hata senti. Nilimwachia ya soda. Chakula, kijana alinipeleka kwa mtu wake, migebuka kwa ugali, nadhani nililipa bei ya mgeni. Lakini samaki alikuwa mbichi wa asubuhi ile, kakaangwa kwa mawese, sina neno.

Nampa nne kwa tano. Moja nimeipunguza kwa kuchelewa na kwa Kaiser. Ukimchukua, mwambie mapema unataka kufika mwaloni, la sivyo ataishia kwenye sanamu. Na muanze Ujiji, muiache stesheni kwa jioni. Jua la saa sita pale halina kivuli zaidi ya ile miembe.