Mwongozo wa Bajeti ya Familia: Tulichokiona Tulipomwaga Vifungo Sakafuni

Nimeutumia mwongozo huu miezi mitano sasa, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaishi. Ni karatasi fupi ya bajeti ya familia, moja kati ya zile za malezi zilizoanza kutolewa mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wenzao wa mpango uitwao Parenting for Lifelong Health. Zimetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 100, na ni bure. Mimi nililetewa na mteja wangu, mwalimu, siku aliyokuja kuchukua sketi yake akanikuta namfokea mwanangu mbele ya watu.

Niseme wazi kilichonifikisha hapo. Mimi ni fundi cherehani, nina watoto watatu na nawalea peke yangu. Kazi ilipopungua nikaanza kukopa kwenye simu, mkopo wa kulipia mkopo. Mkubwa alikuwa ameshapata kibarua mbali na nyumbani, kila mwisho wa mwezi ananitumia chochote. Siku moja akapiga, nikapokea kwa sauti ya asali: "Mwanangu, umeshindaje, umepumzika kweli?" Sijakata simu vizuri, wa kati akaniuliza habari ya madaftari yake. Nikamjibu bila hata kumtazama: "Wewe kila siku ni kutaka tu." Nilijisikia mwenyewe nikisema. Watoto wote wawili nimewabeba tumboni, ila mmoja analeta na mwingine anahitaji, na sauti yangu ilikuwa imeshajifunza kuwatofautisha.

Karatasi yenyewe haina makuu. Inakuambia ukae na watoto, mchore kila kitu kinachokula pesa ya nyumba na muandike gharama yake pembeni. Kisha mchukue mawe, au kitu chochote mlicho nacho kwa wingi, yasimame badala ya pesa ya mwezi, na muyagawe pamoja juu ya michoro. Njiani mnajadiliana kipi ni hitaji na kipi ni tamaa tu. Hakuna hesabu ngumu wala programu ya kupakua. Hata mtu asiyesoma vizuri ataifuata akishaelekezwa mara moja.

Kwangu mawe yalikuwa vifungo. Nilihesabu 24 kutoka kwenye kopo langu, nikatandaza sakafuni karatasi ninazochorea mitindo, tukapiga magoti wote. Tukachora nyumba ya kodi, taa ya umeme, basi, sufuria, daftari. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka 9, akachora simu. Nikadhani ni ya vocha. Nilipomuuliza akasema, "Hii ni ile simu inayopiga halafu unatoka nje kuongea." Akaiwekea vifungo 7.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote ndani ya nyumba ile kuhusu madeni. Ukweli ni kwamba 7 havikutosha. Nikaongeza 2 kwa mkono wangu, na hakuna aliyesema neno.

Wa kati alikuwa anavihesabu vilivyobaki, midomo ikicheza bila sauti. Kwenye daftari lake kulikuwa na vifungo 2. Akaviangalia, akaiangalia simu yenye 9, kisha akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo siyo mimi ninayemaliza pesa?" Miezi yote ile alikuwa ameamini hivyo, na aliyemwaminisha ni mimi. Nilimwomba radhi pale pale sakafuni. Kwa jambo hilo moja karatasi hii naipa alama zote, maana nilikuwa nikimficha mtoto deni huku namtwisha lawama ya deni hilo hilo.

Waandaaji hawakuikisia tu. Mpango wao wa wazazi wenye vijana ulijaribiwa Eastern Cape, Afrika Kusini, katika utafiti wa familia 552, kwa vikao 14 ambavyo ndani yake mlikuwa na mambo ya kupanga pesa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba ukatili na viboko vilipungua, na hali ya kiuchumi ya familia nayo ikawa na nafuu. Lakini ile ilikuwa kazi ya ana kwa ana, wiki baada ya wiki. Karatasi peke yake usiitarajie ifanye yote hayo.

Na ina mapungufu, mawili kwangu makubwa. Mwezi wa tatu nilikuwa na vifungo 11 tu, na kodi peke yake inataka 10. Tulikaa tukaviangalia. Kwa hali kama hiyo mwongozo unakushauri utafute msaada unaotolewa na serikali au mashirika, basi, yameisha. Mtu mwenye kifungo kimoja mkononi anahitaji zaidi ya hapo. Nimesoma habari za Wacherokee, wenyeji wa asili wa North Carolina, Marekani, ambao kasino yao ilifunguliwa miaka ya 1990 na kila mwanajamii akaanza kupata mgawo wa faida. Watafiti waliokuwa wakiwafuatilia watoto wa eneo lile waliandika mwaka 2003 kwamba watoto ambao familia zao zilitoka kwenye umaskini walipunguza ukaidi na utukutu, na sababu kubwa ni kwamba wazazi walipata nafasi ya kuwaangalia kwa karibu. Hakuna aliyewafundisha wale wazazi kupenda watoto wao. Walipunguziwa mzigo. Natamani mwongozo ungelisema hilo waziwazi, ili mzazi ambaye vifungo vyake havitoshi asijione ameshindwa kupenda.

La pili, karatasi inamwona mtoto kama mtumiaji tu. Haina neno juu ya mtoto anayeleta. Jinsi ya kumpokea bila kumgeuza mfuko, na jinsi ya kutowapima wenzake kwa kipimo chake, nilibaki kutafuta mwenyewe. Hivi sasa anachotuma mkubwa nakibadilisha kuwa vifungo, nakichanganya na vyangu ndani ya kopo kabla hatujamwaga. Wadogo hawajui kipi ni cha nani.

Mzazi ambaye ana kipato hata kidogo na ana siri ya deni, naomba aijaribu mwezi huu huu, na asimwondoe mtoto mdogo kwenye mduara. Mzazi asiye na kitu kabisa, aanze kwanza na watu wanaoweza kumsaidia, karatasi itamsubiri.

Kitu kingine nilichoongeza ni kumpigia mkubwa katikati ya mwezi. Mara ya kwanza alipokea kwa haraka: "Mama, umepungukiwa nini?" Nikamwambia hakuna, nilitaka kukusikia tu. Akanyamaza, nikasikia anavuta kiti. Kisha akaanza kunisimulia habari za bosi wake mpya, na za viatu vyake vilivyoachia soli, na kwamba usiku hapati usingizi vizuri. Tuliongea mpaka salio langu likakata.