Kotlin na mahali pa kuweka thamani zisizobadilika

Kotlin, lugha ya kuandikia programu ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2016, inastahili sifa kwa kumruhusu mwandishi wa programu kutangaza thamani isiyobadilika juu kabisa ya faili, nje ya klasi yoyote (fungu la msimbo linalokusanya data na kazi zake), tofauti na lugha ya Java iliyotuzoesha kufungia kila kitu ndani ya klasi. Thamani inayotumika katika faili moja tu mimi huiweka hapo kwa neno private, linaloificha kwa mafaili mengine. Ile iliyo sehemu ya maana ya klasi huiweka katika companion object, sehemu ndani ya klasi inayoshirikiwa na vitu vyake vyote. Kasoro ipo: const, neno la kutangaza thamani inayojulikana kabla programu haijaendeshwa, hukubali namba, herufi, matini na thamani za kweli au si kweli pekee, hivyo orodha hukataliwa. Faili moja kubwa la thamani zote, ambalo wengi hulipenda, silipendekezi hata kidogo, kwa kuwa kila moduli (sehemu ya programu) huishia kulitegemea.