Miwani, mrija na mapezi ya kwanza kwa mtu wa Moshi: uzoefu wangu

Mtu wa Tanga akikosea kununua miwani ya kuzamia anairudisha dukani jioni ileile. Sisi wa Moshi na Arusha kosa hilo tunaligundua tukiwa tayari majini, ngalawa imeshalipiwa na duka liko safari ya kutwa nzima. Kwa hiyo uzuri wa kifaa ninaupima kwanza kwa jambo moja: je, kinaweza kujaribiwa huku huku milimani kabla ya kupanda basi? Karibu kila kitu kinawezekana.

Ninachotumia ni miwani ya vioo viwili yenye ukingo mweusi wa silikoni, mrija wa kupumulia wenye valvu (kilango cha kutolea maji) chini na kizuia mawimbi juu, na mapezi ya kuingiza mguu mzima, namba 42–43. Nilinunua kimoja kimoja. Seti za pakiti moja sizipendi, maana mara nyingi kizuri ni kimoja na viwili ni vya kujazia. Kama fedha ni ndogo, nusu yake iende kwenye miwani. Mrija wa kawaida unavumilika na mapezi ya wastani yanasukuma, lakini miwani inayovuja imeshaharibu siku.

Usichanganye miwani hii na ile ya kuogelea ya kufunika macho tu. Kadiri unavyoshuka, maji yanaibana hewa iliyo ndani ya miwani. Kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji. Miwani yenye mfuko wa pua unaipulizia kidogo kwa pua, na mambo yanakaa sawa. Ile ya kuogelea haina pa kupulizia, hivyo inayavuta macho kama pembe ya kuumikia.

Kipimo cha dukani ni hiki. Sogeza nywele zote nyuma, weka miwani usoni bila kuvaa mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, bana pumzi, achia mikono. Ikae sekunde 10 hata ukiinamisha uso. Kisha rudia ukiwa umeuma mrija mdomoni. Hatua hii ya pili wengi wanairuka, nayo ndiyo yenye maana zaidi, kwa sababu mrija unayabadili mashavu na mdomo wa juu, na miwani iliyoshika vizuri mwanzo inaweza kuanza kupitisha hewa chini ya pua. Muuzaji atasema, "Kaza mkanda tu bosi, itakukaa." Haitakaa. Kazi ya mkanda ni kuizuia miwani isipotee. Ukiukaza kupita kiasi ukingo unajikunja, na hapo penye mkunjo ndipo maji yanapopita. Mkanda upite sehemu pana ya kisogo, juu ya masikio.

Mwenye masharubu anyoe ufito mwembamba chini ya pua. Mwenye misuko ahakikishe hakuna hata uzi mmoja uliopita chini ya ukingo. Mkanda wa silikoni huwa unang'ang'ania nywele, lakini fundi cherehani yeyote anaweza kukushonea mfuko wa kuuvisha kwa kipande cha nguo ya kuogelea iliyochakaa. Ninao, na unashinda mkanda mtupu. Anayevaa miwani ya macho asijaribu kuivaa ndani, kwani mikono ya miwani hiyo inafungua njia ya maji. Atafute aina ya vioo viwili ambayo vioo vyake hubadilishwa na kuwekwa vya nguvu ya macho yake.

Kwenye mitumba, iwe soko la Memorial hapa Moshi au kwingine, kunja ukingo kwa vidole kisha uachie. Silikoni inarudi palepale. Plastiki ya bei rahisi inarudi polepole, ni ngumu, na ikiwa mpya inanuka kama kandambili. Ukingo unaonata mkononi umeshachoka; uache. Kioo kigonge kwa ukucha na ukiguse kwa mdomo: kioo halisi ni baridi na kina mlio mkali, plastiki ni vuguvugu na mlio wake ni mfu. Kioo kizuri huandikwa TEMPERED pembeni, yaani kikivunjika kinakuwa punje, si vipande vya kukata jicho.

Sasa ukungu. Miwani mpya huja na utando mwembamba ndani ya kioo uliotoka kiwandani, na usipotolewa, mate wala shampuu havitasaidia. Chukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida kama Whitedent, si ile ya jeli, sugua upande wa ndani kwa kidole dakika mbili tatu, suuza, rudia mara nne au tano. Hii ni kwa kioo pekee; lenzi ya plastiki itachubuka. Kabla ya kuingia majini tema mate, pakaza, suuza haraka, vaa. Tone la shampuu ya watoto iliyochanganywa na maji linafanya kazi hiyohiyo, bila watu kukuangalia vibaya.

Watu wengi wa huku huenda kujaribu Chemka, pale Kikuletwa. Kwa kuangalia kama miwani inavuja hakuna mahali pazuri zaidi, maji ni maangavu na samaki wadogo wapo wa kuwatazama. Lakini Chemka inakudanganya kuhusu ukungu. Ukungu hutokea kioo kinapokuwa cha baridi kuliko hewa yenye unyevu iliyo ndani, na maji ya pale ni ya uvuguvugu, kwa hiyo hata miwani ambayo haijasuguliwa inaweza kuonekana safi. Jaribu tena kwenye bwawa lisilopashwa moto, mwezi Juni au Julai, asubuhi. Miwani ikikaa bila ukungu kwenye bwawa la Arusha saa mbili asubuhi, bahari ya Maziwe, kile kisiwa cha karibu na Pangani, haitakushinda. Ziwa Chala silipendekezi kwa majaribio. Ni shimo la volkano, ukitoka ukingoni tu kina kimeanza.

Mrija hauna mengi. Urefu wa sentimita 35 hadi 40 unatosha. Mrefu zaidi unabakiza hewa uliyokwisha kuitoa, nawe unaivuta tena. Ziba ncha ya juu kwa kiganja na uvute kwa mdomo: hewa isiingie kabisa. Ikiingia, valvu ya chini imekaa vibaya au ina chembe ya mchanga. Fungua kifuniko, suuza kile kidude chembamba cha silikoni, rudisha. Mirija yenye boya juu, inayojifunga wimbi likija, nimeitumia na sikuipenda. Chumvi ikiganda boya linanasa, na mrija unajifunga katikati ya pumzi. Anayeanza akikosa hewa ghafla anapaparika. Bora ajifunze kupuliza "puu!" moja kali na kuyatoa maji.

Barakoa za uso mzima, zilizopata umaarufu baada ya Decathlon, kampuni ya vifaa vya michezo ya Ufaransa, kuleta ya kwake iitwayo Easybreath mwaka 2014, ni za kuelea juu tu. Huwezi kuibana pua, kwa hiyo huwezi kusawazisha shinikizo masikioni ukitaka kushuka. Nakala zisizojulikana zilikotengenezwa nisingemvisha mtoto, kwa sababu nafasi ya ndani ni kubwa na hewa chafu inaweza kubaki humo.

Mapezi yajaribu mguu ukiwa umelowa, jioni, ukiwa umetembea kutwa. Simama, nyanyua kisigino: kikichomoka, ni makubwa, na ndani ya nusu saa utapata malengelenge na mkakamao wa misuli ya mguu. Vidole vikijikunja, ni madogo. Ukiwa katikati ya namba mbili chukua kubwa na uvae soksi nyembamba. Bapa la pezi liwe laini na fupi. Yale marefu ya wazamiaji yanadai mapaja ambayo mtu anayeanza hana, na hayaingii kwenye begi. Majini piga kutoka nyonga, goti likilegea kidogo tu. Ukipiga kama unaendesha baiskeli, unachoka ukiwa palepale. Nchi kavu tembea kinyumenyume.

Ukirudi loweka vyote kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, anika kivulini. Ukingo wa silikoni nyeupe usilazwe juu ya mapezi meusi, rangi ya mpira inahamia. Kwenye basi miwani ikae ndani ya kontena gumu la plastiki, begi la mkononi, si kwenye buti chini ya magunia. Vile vipande vya plastiki vinavyokuja ndani ya mapezi mapya usivitupe: vinazuia sehemu ya mguu isijikunje, na ikishajikunja hainyooki tena.