Nililipia nyeusi nikapewa ya fedha: uzoefu wangu na injini ya Toyota 4A-GE ya valvu 20

Nimekaa na hili jambo moyoni muda mrefu, leo nalitoa. Kama una Corolla ya zamani unayokimbizia mashindano ya vumbi na unakwenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Dar es Salaam, kutafuta injini ya kubadilisha, beba bisibisi. Muuzaji akiapa, mwache aape, wewe kwangua.

Gari langu ni Corolla ya toleo la AE92, ameniachia marehemu baba. Injini yake ya kabureta ilinitosha kwa mbio za ridhaa mpaka iliponoki katikati ya mashamba ya mkonge kule Tanga, vuli ilikuwa haijaanza. Rodi ilitoboa bloku, oili yote ikamwagika mchangani. Mdogo wangu, ndiye msoma ramani wangu, alitembea kwa miguu hadi barabara kuu kuomba kamba.

Fundi wangu alisema tangu siku ya kwanza: "Kaka, chukua 4A-GE ya valvu 16. Inavuta kuanzia mizunguko ya chini, na ringi na gasketi zake unazipata siku hiyo hiyo." Mimi nilishaipenda ya valvu 20. Zipo mbili, na watu wanaziita kwa rangi ya mfuniko wa valvu: ya fedha iliyotangulia, na nyeusi iliyoanza 1995. Bloku ni familia ile ile ya A, kwa hiyo inakaa kwenye gari bila vita kubwa. Nilitaka nyeusi, na si kwa sifa. Ya fedha hupima hewa kwa kisanduku chenye kipepeo ndani, nyeusi inatumia sensa ya presha. Kwa barabara zetu, kitu kimoja kidogo cha kuingiwa na vumbi ni faida.

Muuzaji nilimwuliza mara tatu. "Wallahi mzee, si unaiona?" Mfuniko ulikuwa mweusi tii, unang'aa. Nikalipa bei ya nyeusi, laki sita juu ya ile ya fedha.

Nyumbani fundi akatandika waya sakafuni, akaokota kisanduku, akakigeuza mkononi. "Kaka, nyeusi haina hiki." Nikasema labda wamechanganya waya. Hakunijibu. Alichukua bisibisi bapa akakwangua ukingoni mwa mfuniko, karibu na boliti, pale rangi ilipojikusanya kama tone la nta. Ganda likabanduka zima, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Chini yake, fedha. Rangi ilikuwa imepuliziwa juu ya vumbi, hata hawakuifuta kwanza.

Nilirudi na lile ganda nimelifunga kwenye karatasi. Muuzaji alikuwa anakula chipsi, na aliendelea kula. "Mzee, inawaka haiwaki?" Inawaka. "Basi." Nikamwambia habari ya laki sita zangu, nikamwonyesha na picha ya gari kwenye simu ili aelewe ninaijengea nini. Akawageukia vijana wake: "Kopo la mwaka themanini na tisa linachagua injini!" Wakacheka wote.

Kopo. Gari lililonipeleka shule. Pesa ningeweza kuisahau, lile neno siwezi.

Sasa lazima niseme na haya, nisimdhulumu aliyetengeneza injini kwa dhambi za aliyeiuza. Injini yenyewe ni tamu mno. Kila silinda ina throto yake, yaani mlango wake wa kuingizia hewa, ukikanyaga inaitika papo hapo, na ukishapita mizunguko elfu sita mlio wake unasisimua mpaka nywele za mikono zinasimama. Mara ya kwanza tulipoirudisha kwenye mkonge, mdogo wangu alisahau kusoma kona mbili. Kwenye mizunguko ya chini ni dhaifu kweli, kwenye kona za mchanga unashuka gia ambazo hukuzoea kuzishuka. Na msitoe boksi la chujio ili mlio usikike, nawaomba. Vumbi jekundu likiingia moja kwa moja kwenye zile throto, ringi zimekwisha.

Kwa karatasi za Toyota ya fedha ni farasi 160 na nyeusi 165. Farasi watano kwenye mchanga nani atawaona? Nilikuwa karibu kumsamehe yule bwana. Nikausugua mfuniko kwa thina mpaka ukarudi rangi yake, nikasema yameisha.

Mashindano yaliyofuata, tukiwa tunakwenda vizuri kuliko siku zote, injini ikaanza kukohoa, ikazima. Tukaiwasha, ikazima. Mara ya tatu tukafungua boneti: kipepeo cha kile kisanduku kimekwama kwa vumbi. Kisanduku kile kile ambacho nililipa laki sita nisiwe nacho! Magari tuliyoyapita yote yakatupita, na mimi nimeinama na kitambaa nafuta.

Kwa hiyo msiniulize kama naisifu au naiponda. Jumamosi nikisikia mlio wake naipenda. Jumatatu nikikumbuka zile chipsi, nataka kuing'oa. Fundi amenikumbusha, kwa mara ya nne sasa, kwamba zile za valvu 16 za AE92 za Japani tangu 1989 nazo zinatumia sensa ya presha, hazina kisanduku. Safari hii nimemwambia aulizie bei, ila si kwa yule.