Uzoefu wangu na avr-gcc: kutoka baiti 8,604 hadi 2,946 ndani ya ATtiny85

Nimetumia avr-gcc, kompaila ya C ya chipu ndogo za AVR, kwa miaka kadhaa bila kuifikiria sana. Unaandika C, unaiendesha, faili la hex linatoka, unalipakia kwenye chipu, kazi imekwisha. Nilianza kuitazama kwa jicho la karibu siku linka, zana inayounganisha vipande vya programu, iliponigomea na kuniambia eneo la `text`, yaani la msimbo, limefurika kwa baiti 412. Chipu yangu, ATtiny85, ina flashi (kumbukumbu ya kuweka programu) ya kilobaiti 8, yaani baiti 8,192 na si zaidi, na programu yangu ilikuwa imefika 8,604. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Kifaa chenyewe si kikubwa. Kinasoma joto kutoka kihisi cha DS18B20, kinatuma mstari mmoja wa maandishi kwa siriali, na kinawasha taa joto likivuka kiwango. Kiwango hicho kinapangwa kwa kitufe na kuhifadhiwa kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Basi. Ukimweleza mtu kazi hiyo hatadhani inakula kilobaiti 8, na mimi sikudhani. Ndiyo maana sikutaka kukimbilia chipu kubwa zaidi kabla ya kujua baiti zangu zimekwenda wapi.

Niseme mapema kwamba naipa avr-gcc alama za juu kwa kazi ya chipu ndogo. Ila ni mtumishi mtiifu: ukimwagiza mzigo ataubeba wote, hata kama ulihitaji kiganja kimoja tu. Swichi zake zilinipunguzia kiasi. Nafuu kubwa niliipata kwenye zana ndogo zinazokuja pamoja nayo, ambazo nilikaa nazo miaka yote hiyo bila kuzifungua.

Nilianza na swichi, kama kila mtu. `-Os`, inayoiambia kompaila ipunguze ukubwa, nilikuwa nayo tangu mwanzo. Nikaongeza `-ffunction-sections` na `-fdata-sections`, ambazo huweka kila fankisheni na kila kigeu kwenye fungu lake, kisha kwa linka nikaweka `-Wl,--gc-sections` ili itupe mafungu ambayo hayaitwi na yeyote. Juu yake nikaweka `-flto` (LTO kwa kifupi), ambayo huiwezesha kompaila kuiona programu nzima kwa mara moja badala ya faili moja moja. Hii lazima uiandike mara mbili, wakati wa kukompaili na wakati wa kulinki. Kwa pamoja zilinishusha hadi 7,712. Anayetumia Arduino IDE na bodi za kawaida za AVR tayari amewashiwa hizi, kwa hiyo asitegemee nafuu mpya hapo. Mimi nilikuwa na Makefile yangu niliyoirithi kutoka mradi wa zamani, na haikuwa na hata moja kati ya hizo nne.

Programu sasa ikaingia kwenye chipu, na kifaa kikakwama. Kitanzi kikuu kilikuwa kinasubiri kigeu kinachogeuzwa na ukatizo wa taima (msimbo unaosimamisha kazi nyingine kila taima inapoita), na ndani ya kitanzi hicho kulikuwa na mwito wa fankisheni ya kusoma kitufe iliyokuwa kwenye faili jingine. Kabla ya LTO, kompaila haikuweza kujua fankisheni hiyo inagusa nini, kwa hiyo kila mzunguko ilikisoma kigeu upya kutoka RAM. LTO ilipofungua mafaili yote ikaona kwamba fankisheni ya kitufe haikigusi kabisa, ikakisoma mara moja tu kabla ya kitanzi, ikabaki inazunguka na thamani ya zamani. Kosa lilikuwa langu. Kigeu kinachobadilishwa ndani ya ukatizo kinatakiwa kiwe `volatile`, neno linaloilazimisha kompaila ikisome upya kila mara, na langu halikuwa na neno hilo. Msimbo ule ulikuwa mbovu tangu siku ya kwanza ila ulikuwa unafanya kazi kwa bahati. Kwa hiyo ukiwasha `-flto` kwenye mradi wa zamani, pitia kwanza kila kigeu kinachoshirikiwa na ukatizo. Jioni nzima iliniishia hapo, nikishuku lehemu, nikishuku kihisi, nikishuku umeme.

Zana iliyonifumbua macho ni `avr-nm`. Ukiiendesha kwa `--size-sort -S` juu ya faili la elf, lile linalotoka kwa linka, inakupangia kila jina na ukubwa wake, dogo juu, kubwa chini. Niliteremka hadi chini ya orodha nikakuta majina ambayo sikuyaandika mimi. `vfprintf`, fankisheni ya maktaba ya kupanga maandishi, ilikuwa imekaa pale kama mwenye nyumba. Jirani yake `__mulsf3`, `__divsf3` na ndugu zao, hesabu zote za desimali ambazo AVR haina vifaa vyake, kwa hiyo zinafanywa kwa programu tupu. Msimbo wangu mwenyewe, ule wa kihisi na kitufe na taa, ulikuwa mdogo ukilinganisha.

Chanzo kilikuwa mstari mmoja. Nilikuwa nazidisha usomaji wa kihisi kwa 0.0625, kisha naupeleka kwa `sprintf`, fankisheni inayogeuza namba kuwa maandishi, yenye `%f`, alama ya desimali. avr-libc, maktaba ya C ya AVR, kwa kawaida haichapishi desimali, inakupa alama ya kuuliza tu, na mimi miezi kadhaa nyuma nilipoiona alama hiyo nilitafuta dawa nikaongeza `-lprintf_flt` bila kuuliza bei yake. Sasa nilikuwa nailipa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo faida ilipokuwa. DS18B20 hutoa joto kwa namba kamili ya biti 16, na kila hatua moja ni sehemu ya 16 ya digrii. Desimali haihitajiki popote. Chukua usomaji wa 162. Sogeza biti kulia mara nne unapata 10, hizo ndizo digrii nzima. Biti nne za chini zilizobaki ni 2. Zizidishe kwa 10 upate 20, sogeza tena kulia mara nne, unapata 1. Jibu ni 10.1, na kihisi kilimaanisha 10.125. Baki kubwa kabisa inayowezekana ni 15, na 15 mara 10 ni 150, ambayo inaenea kwenye baiti moja. Hesabu yote ya sehemu ya kumi inafanyika ndani ya `uint8_t`, namba ya biti 8 isiyo na alama. ATtiny85 haina hata amri ya kuzidisha, lakini kuzidisha kwa 10 ni kusogeza kushoto mara tatu na kujumlisha na kusogeza mara moja.

Tahadhari kwa wanaopima baridi: ondoa alama ya hasi kwanza, ndipo usogeze. Nusu digrii chini ya sifuri inakuja kama -8. Ukiisogeza hivyo hivyo kulia mara nne unapata -1, na biti za chini zinakupa 5, kifaa kinaandika -1.5 badala ya -0.5. Nililigundua kosa hili nikiwa nimeshafurahia baiti zangu. Sasa naangalia alama, naandika kistari ikibidi, nageuza namba kuwa chanya, kisha naendelea.

Na kiwango cha tahadhari nacho nikakitoa kwenye desimali. Digrii 30 sasa zinahifadhiwa EEPROM kama 480, yaani 30 mara 16, na ulinganisho ni wa namba kamili mbili. Badala ya `sprintf` niliandika fankisheni fupi inayotoa tarakimu kwa kupunguza: toa 100 hadi isitoke tena, kisha 10, kinachobaki ni mamoja. Kwa kipimo kinachoanzia -55 na kuishia 125 hiyo inatosha kabisa, na haimwiti hata mgawanyaji wa maktaba.

Nikaendesha tena `avr-size`, zana inayopima ukubwa wa programu. 3,590. Nilirudia `make clean` nikidhani nimesoma faili la zamani.

Kutoka hapo nilikuwa nakusanya haba na haba. `digitalWrite`, ambayo nilikuja nayo kutoka mtindo wa Arduino, inatafuta pini kwenye majedwali, inakagua kama pini inatumika na taima, ndipo inaandika. Nikaweka `PORTB |= _BV(PB1)` mahali pake, na `avr-objdump -d`, inayoonyesha amri za mashine, ikanionyesha mstari ule umegeuka kuwa `sbi` moja. Amri moja, baiti mbili. Napenda kuusoma msimbo wa mashine wa AVR kwa sababu hiyo, unaona waziwazi kila neno lako limezaa nini.

Kwenye ukatizo niliona jambo ambalo nilikuwa nimelisikia tu. Taima yangu ilikuwa inaita fankisheni kutoka ndani ya ukatizo. Kompaila ikiona mwito ambao haijauyeyusha pale pale, inalazimika kuhifadhi kila rejista (kihifadhi kidogo ndani ya kichakataji) ambayo fankisheni hiyo ina ruhusa ya kuivuruga: kuanzia r18 hadi r27, r30 na r31, pamoja na r0, r1 na rejista ya hali. Hizo ni `push` (kuhifadhi) 15 mwanzoni na `pop` (kurudisha) 15 mwishoni, kila moja baiti mbili, jumla baiti 60 za kupanga na kupangua vyombo tu. Nikabadilisha ukatizo uinue kigeu kimoja tu, safari hii nikiwa nimeandika `volatile`, na kazi yenyewe nikaihamishia kitanzi kikuu. Rejista zikabaki chache, na ukatizo ukawa mwepesi kwa muda pia.

Vipo ambavyo havikunisaidia. `-mcall-prologues`, inayofanya fankisheni zishiriki msimbo wa kuanza na kumaliza, iliniongezea baiti badala ya kupunguza, nadhani kwa sababu nina fankisheni chache na gharama ya kuiweka haikurudi. `-mrelax` haikubadilisha kitu, na ni haki yake: kazi yake ni kufupisha miito mirefu ya baiti nne, na ATtiny85 haina miito mirefu kabisa, ina `rcall` ya baiti mbili tu. Kwenye ATmega kubwa ingekuwa habari nyingine. `-Oz`, iliyokuja na GCC 12 mwaka 2022, kwangu ilitofautiana na `-Os` kwa baiti za kuhesabu kwa vidole. Vigeu vya hesabu vya vitanzi nilivibadilisha vyote kutoka `int`, ambayo hapa ni biti 16, kuwa `uint8_t`, na hiyo ilikuwa nzuri kimyakimya, baiti mbili hapa, nne pale.

Jambo moja la kusoma kwa makini kwenye `avr-size`: safu ya `data` (vigeu vyenye thamani ya kuanzia) inahesabiwa mara mbili. Maandishi kama "JOTO:" yanakaa kwenye flashi, na chipu ikiwaka yananakiliwa RAM, na RAM ya ATtiny85 ni baiti 512 tu. Flashi yako ni `text` na `data` kwa pamoja, RAM yako ni `data` na `bss` (vigeu vinavyoanza na sifuri). Nilihamishia maandishi yote `PROGMEM`, yaani yabaki kwenye flashi tu, na kuyasoma kwa `pgm_read_byte`. Flashi haikushuka kwa hilo, RAM ilipumua.

Anayefanya kazi na Cortex-M, chipu ndogo za ARM, njia ni ile ile, majina ndiyo yanabadilika: `arm-none-eabi-nm`, na `--specs=nano.specs` ili upate toleo dogo la newlib, maktaba ya C ya huko. Desimali na `printf` huko nako ndio wa kwanza kushukiwa.

Malalamiko yangu moja ni kwa ujumbe wa linka. Unakwambia umezidi baiti ngapi, haukwambii ni nani aliyezijaza, na mtu mpya hana njia ya kujua kwamba jibu liko kwenye zana ya jirani. Ningefurahi sana orodha ile ya `avr-nm` itoke yenyewe kila linapotokea furiko. Kwa sasa nimeiweka kwenye Makefile, baada ya kila kulinki inachapisha majina kumi makubwa zaidi.

Nimeishia 2,946. Programu ile ile sasa inakaa kwenye ATtiny45, ambayo ina pini zile zile na kilobaiti 4 za flashi, na bado zinabaki baiti 1,150. Wiki hii naongeza kihisi cha pili.